Msuli si Mpira

Wengi wetu hudhani kuwa msuli hujifupisha kama mpira uliovutwa ukaachiwa. Sivyo. Mwaka 1954 Hugh Huxley na Jean Hanson, na mbali nao Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, walieleza kuwa nyuzi za ndani ya msuli hazifupiki. Hupishana, kama vidole vya mikono miwili viingianavyo. Vichwa vidogo vya nyuzi nene hushika nyuzi nyembamba, huzivuta, kisha huziachia. Na hata kuachia kunahitaji kemikali iitwayo ATP, ambayo mwili huitengeneza kutokana na chakula.

Babu yangu alipofariki, mwili wake ulikakamaa baada ya saa chache. Nilikuwa mdogo, nikaambiwa kuwa ameondoka na hasira juu yetu. Neno hilo lilinisumbua miaka mingi. Kumbe ATP ilikuwa imekwisha, vichwa vile vikashika bila kuachia. Hasira haikuwamo.

Kwa hiyo naona somo hili si la mtihani tu. Twendapo likizo tuwaeleze wadogo zetu, wasije wakadhani kuwa marehemu wao amewakasirikia.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu