Binti anataka Kiingereza Braamfontein, baba anauliza atakula nini

Kila Agosti matokeo ya A level yakitoka, simu za kutoka Maskati, Dubai na Doha haziniishi. Watu wanadhani mwalimu mstaafu hana kazi, na kweli sina. Mwaka huu swali moja limenijia mara tatu: binti amefaulu vizuri, uhandisi hautaki, ufamasia hautaki. Anataka Chuo Kikuu cha Witwatersrand, pale Braamfontein, Johannesburg, akasome Kiingereza, fasihi na uandishi wa kubuni. Baba mmoja akaniambia, "Mwalimu, Kiingereza si amekisoma tangu chekechea? Chuo kikuu akasome nini tena, herufi?"

Nimesomesha Kiingereza sekondari ya misheni miaka mingi, kwa hiyo sikushangaa. Wazee wengi wanadhani idara ya Kiingereza ni mahali pa kunyoosha sarufi. Sivyo. Pale mtoto anasoma hadithi za watu: nani kazisimulia, kamsimulia nani, na nani kaachwa nje. Kwenye uandishi wa kubuni anaweka kazi yake mbele ya wenzake, wanaichambua mpaka anatoka jasho, kisha anarudi kuiandika upya.

Ndiyo maana idara hizi zina ugomvi wa zamani. Nairobi, mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Braamfontein nako kuna kisa chake. Sheria ya ubaguzi ya 1959 ilikibana chuo kile kisipokee wanafunzi weusi ila kwa kibali cha serikali. Es'kia Mphahlele, mwalimu aliyezuiwa kufundisha kwa kupinga elimu ya Kibantu, alikuwa ameshaihama nchi tangu 1957. Akapita Nigeria na Ufaransa, na 1963 akafika Nairobi kuongoza kituo cha sanaa kilichoitwa Chemchemi. Neno letu hilo! Alirudi kwao 1977, na mwaka 1983 akaanzisha Idara ya Fasihi ya Kiafrika pale pale Witwatersrand. Kwa hiyo anayekwenda huko haendi kwa Shakespeare peke yake.

Sasa tuje kwetu. Hadithi ya majahazi, ya misafara ya bara, ya 1964 na watu kutawanyika, nani anaisimulia? Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja aliyezaliwa 1948, alisomesha fasihi Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, mpaka akastaafu, na 2021 akapata Nobeli. Riwaya yake Paradise ilitoka 1994. Kiswahili chake, Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kikatoka 2022. Miaka 28! Mambo ya barazani kwetu yamekwenda Ulaya, yakaandikwa, ndipo yakarudi kwetu kwa tafsiri. Simlaumu Gurnah hata kidogo. Bila yeye tusingekuwa na hata hicho. Ninalosema ni kwamba wahandisi tunao kila nyumba, waandishi tunawahesabu kwa vidole.

Ila nina wasiwasi mmoja, na huu ndio mkubwa kuliko wa kazi. Watoto wetu wa Ghuba wanasoma kwa Kiingereza, nje wanasema Kiarabu, Kiswahili wanakisikia kwa bibi tu, tena kwa mbali. Atakayetaka kuandika juu ya bibi yake bila kuijua lugha aliyokuwa akigombezea watoto na kuchombeza wajukuu, ataishia kutuandikia bibi wa kwenye vitabu vya watu wengine. Basi binti aende, lakini miezi hii kabla ya safari akae na bibi, amrekodi kwa simu, amuulize majina ya watu, ya mitaa na ya vyombo vya jikoni. Braamfontein hakuna mhadhiri wa kumpa hayo.

Miezi ipo, kwani mwaka wa masomo Afrika Kusini unaanza Februari. BA ni miaka mitatu, mwaka wa nne ndio wa Honours. Kazi? Ualimu, magazeti, tafsiri. Wengine wakimaliza BA huingia sheria. Mtu akikuambia kuna ajira inamsubiri mlangoni, usimwamini, lakini siku hizi hata mhandisi hana ahadi hiyo.

Ada msiichukulie mzaha. Oktoba 2015 maandamano makubwa ya ada yalianzia chuoni hapo, baada ya pendekezo la kuipandisha kwa asilimia 10.5, mpaka serikali ikaridhia isipande mwaka 2016. Mwanafunzi wa kigeni ana hesabu yake mbali, iulizeni mapema, pamoja na viza na mahali pa kulala. Na kabla ya kulipa chochote, ulizeni wizara ya elimu ya juu ya huko mnakokaa kama shahada hiyo inatambuliwa, ili mtoto asije akarudi na cheti akaanza kuzungushwa maofisini.