Ajitayarishe Kwanza, Ndipo Anunue Punda

Mtu wa Minjila atakaye mnyama wa mizigo huenda akamfikiria farasi kwa sababu ya fahari yake. Lakini nchi ya mto Tana haimfai farasi. Mbung'o, ambaye wengi humwita ndorobo, humwambukiza nagana. Na visubi wa majira ya mvua huchukua ugonjwa mwingine uwezao kumwua kwa siku chache. Punda naye hupatwa na nagana, ila huvumilia zaidi, na ule ugonjwa wa visubi kwa kawaida haumwangushi. Ndiyo sababu Waorma humpakia punda maji, na mkulima wa kandokando ya mto aweza kumtumia kufikisha mahindi yake barabarani.

Watu husema, "Punda afe, mzigo ufike." Msemo huu umewatia wengi hasara. Punda aliyetunzwa vizuri aweza kuishi miaka 30 na zaidi, na jike huchukua mimba karibu mwaka mzima ili kuzaa mtoto mmoja tu. Amwuaye punda kwa mzigo wa leo, mzigo wa kesho ataubeba kichwani mwake.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mnunuzi hana budi kutengeneza mambo matatu. La kwanza ni banda lenye kivuli na sakafu kavu, mahali palipoinuka. Mafuriko ya Novemba 2023 yaliwaonyesha watu wa Garsen jinsi maji yanavyoweza kuja upesi. La pili ni maji safi: punda mmoja aweza kunywa lita 20 kwa siku ya jua kali. La tatu ni chakula cha kiangazi, yaani nyasi kavu na mabua ya mahindi yasiyo na ukungu, pamoja na chumvi ya kulamba.

Akiisha kutayarisha hayo, aende kuchagua. Amfunue punda kinywa: akiwa na miaka mitano, meno yote ya mbele huwa ni ya ukubwani. Mwenye umri wa chini ya miaka mitatu asipakiwe mzigo, maana mifupa yake haijakomaa. Apapase mgongo kutafuta vidonda na makovu, ainue kila mguu atazame kwato, kisha amtembeze kuona kama achechemea.

Ununuzi nao ufanywe mchana mbele ya mashahidi. Tangu mwaka 2016 vilifunguliwa nchini Kenya viwanda vinne vya kuchinja punda, na ngozi zao zilipelekwa China kutengenezea dawa. Wizi ukazidi, watu wakaamka asubuhi na kukuta zizi tupu. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha punda zaidi ya milioni 1.8, ile ya mwaka 2019 ilionyesha karibu milioni 1.2. Serikali iliamuru uchinjaji ukomeshwe mwaka 2020, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuukataza kwa miaka 15. Hata hivyo, mnunuzi ahakikishe kwamba muuzaji ndiye mwenye mali, na akitaka kumsafirisha mnyama, apate kibali kwa daktari wa mifugo.

Punda akifika nyumbani, mzigo usizidi theluthi moja ya uzito wake. Mwenye kilo 150 achukue kilo 50. Chini ya shogi pawekwe kitambaa kinene, na kamba isiguse ngozi. Kwato zisafishwe kila jioni, maana miiba ya mathenge huingia ndani na kumlemaza. Kidonda kidogo kisidharauliwe: si bure ule ugonjwa wa kukakamaa uliitwa pepopunda. Chanjo yake ipo, na daktari aulizwe mapema. Punda akikonda ingawa anakula, au akivimba chini ya tumbo, ashukiwe kuwa na nagana, apelekwe kutibiwa upesi.

Punda hana ulimi wa kushtaki. Hunyamaza hata siku aangukapo. Mwenye busara humtazama kila siku kabla ya kumpakia, naye atafikisha mizigo mingi, na punda wake angali hai.