MAONI: Ukizuru mji wa kale na familia, usirudi na picha pekee

Vijana wenzangu, tuseme ukweli. Tukisikia safari ya familia, wengi wetu tunawaza mambo mawili: chakula na picha. La tatu ni nani atalipa mafuta. Mimi pia nilikuwa hivyo hadi mwaka jana, nilipoandamana na mama kwenda Marekani kumwona dada yangu, kisha sote tukajipakia garini, pamoja na shemeji na mpwa wangu wa miaka saba, tukaelekea Charleston. Huo ni mji wa kale ulio pwani ya jimbo la South Carolina, kusini mwa nchi hiyo. Tulikaa siku mbili tu. Nilirudi na picha, ndio, lakini pia nilirudi na habari ya ukoo wetu ambayo nilikuwa nimeishi miaka 24 bila kuisikia.

Msimamo wangu ni huu: mji wa kale haukujengwa ili tuupigie selfi. Kabla ya kuposti, uliza nani aliujenga. Na kama uko na mzazi au nyanya yako kando, muulize pia yeye alitoka wapi. Usipouliza wewe, nani atauliza?

Dada anaishi Charlotte. Kutoka huko hadi Charleston ni kilomita 330 hivi, mwendo wa saa tatu na nusu. Shemeji aliweka mziki, mpwa wangu akawa kila baada ya dakika kumi anauliza kama tumefika. Mama alikaa dirishani kimya akitazama misitu ya misonobari.

Charleston inavutia, sitadanganya. Ilianzishwa mwaka wa 1670 na walowezi Waingereza. Kuna mtaa unaoitwa Rainbow Row wenye majumba ya rangi ya waridi, samawati na manjano yamejipanga kama peremende. Farasi wanavuta mikokoteni ya watalii, na upepo wa bahari unakupiga usoni kama vile uko Mama Ngina jioni. Kabla ya saa sita simu yangu ilikuwa imejaa picha.

Kisha mwelekezi wetu akatusimamisha kando ya ukuta wa matofali. Akatuonyesha vishimo vidogo kwenye tofali moja. Ni alama za vidole. Matofali hayo yalifinyangwa na watumwa, na wengine kati yao walikuwa watoto. Tofali likiwa bado bichi, walilishika kulihamisha, na alama zikabaki. Mpwa wangu akapachika vidole vyake pale, vikaenea sawasawa. Akauliza, "Huyu alikuwa darasa la ngapi?" Hakuna aliyemjibu.

Hapo raha yangu ya picha iliingia doa. Wanahistoria hukadiria kwamba karibu asilimia 40 ya Waafrika walioletwa Marekani kama watumwa walipitia bandari ya mji huo. Gati moja lililopokea wengi wao liliitwa Gadsden's Wharf. Leo mahali hapo pana makavazi ya historia ya Waamerika wenye asili ya Afrika, International African American Museum, yaliyofunguliwa Juni 2023. Jengo lenyewe limeinuliwa juu ya nguzo, ile ardhi walikokanyaga ikaachwa wazi. Chini yake kuna bwawa la maji machache, na sakafuni mwake michoro ya miili ya watu waliolazwa wakibanana kama walivyopangwa melini. Maji yakipungua unaiona vizuri. Watu walikuwa wakipita pale wakinong'ona.

Najua kuna mtu atasema, "Hao walikuwa watu wa Afrika Magharibi, sisi Wakenya yanatuhusu nini?" Ni kweli, wengi walitoka Senegambia, Sierra Leone na Angola. Lakini miaka michache kabla ya Marekani kupiga marufuku uingizaji wa watumwa mwaka wa 1808, meli zilifika Charleston hata kutoka Msumbiji, kwenye bahari hii hii yetu.

Na si huzuni tupu. Vizazi vya watu hao, wanaoitwa Wagullah, bado wapo pwani ile. Wana lugha yao, wanasuka vikapu vya nyasi kwa mkono, na maarifa ya kulima mpunga waliyotoka nayo Afrika ndiyo yaliyowatajirisha mabwana wenye mashamba. Tulikula wali mwekundu na mchuzi wa bamia. Mama alionja biskuti nyembamba za ufuta zinazoitwa benne, akasema, "Mbona hii ni kashata tu?" Huo ufuta nao ulitoka Afrika.

Kisa kilichomkosha mpwa wangu ni cha Robert Smalls. Huyu alikuwa mtumwa, kijana wa miaka 23, baharia kwenye meli ya jeshi la majimbo ya Kusini iliyoitwa Planter. Usiku wa kuamkia Mei 13, 1862, manahodha weupe wakiwa wamelala mjini, yeye na wenzake waliiondoa meli gatini, wakawachukua mke wake na watoto, wakapita mbele ya ngome zenye mizinga. Smalls alivaa kofia ya nahodha na kutoa ishara alizozijua, walinzi wakadhani ni bosi anapita. Kulipokucha walikuwa upande wa wapinzani, huru. Baadaye alichaguliwa kuwa mbunge kule Washington. Miaka 23! Mimi umri huo nilikuwa naogopa kumwomba bosi ruhusa ya Ijumaa.

Siku ya pili tulivuka daraja hadi kisiwa cha Sullivan's, ambako wengi wa watumwa waliwekwa karantini kabla ya kupelekwa mjini kuuzwa. Pale kuna benchi jeusi la chuma linalotazama maji. Mwaka wa 1989 mwandishi Toni Morrison alilalamika kwamba watumwa hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya maana, hata kibenchi kando ya barabara. Mwaka wa 2008 wapenzi wa kazi zake wakaweka benchi hilo.

Mama akaketi. Nikatoa simu nimpige picha. Akasema, "Weka hiyo kitu kwanza. Kaa hapa."

Ndipo akatueleza. Mama mzaa nyanya yake aliteremshwa Mombasa akiwa mtoto mdogo, baada ya kuokolewa kutoka jahazi la watumwa. Alilelewa Frere Town, makao ambayo wamishenari Waingereza walianzisha mwaka wa 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Hakujua kijiji chao. Hata jina alilozeeka nalo alipewa na wamishenari.

"Mbona hukutuambia?" dada akauliza.

"Ningewaambia nini? Shuleni mwalimu alitutaka tuandike kabila. Mimi niliacha nafasi wazi, darasa zima likanicheka. Nilipoolewa nikachukua kabila la baba yenu, nikanyamaza."

Vijana, mimi nimesomea chuo Mombasa miaka minne. Kila siku matatu yangu ilipita Kengeleni. Utingo anapiga kelele, "Kengeleni shukeni!" na mimi nimeziba masikio na mziki. Sikuwahi kuuliza ni kengele gani. Kumbe ni kengele ya Frere Town, iliyogongwa kuwaonya wakazi kwamba wawindaji watumwa wanakuja. Ni kengele ya watu wa mama yangu. Ilinibidi nivuke bahari na kukodisha gari ili niisikie.

Kuna wanaosema yaliyopita si ndwele, na kwamba likizo si darasa. Nawaelewa. Mtu amefanya kazi mwaka mzima, anataka kuchili. Lakini mama hakuharibu safari yetu. Usiku ule tulikaa hotelini hadi saa saba tukipiga stori, tukicheka, dada akilia kidogo. Kati ya safari zote tulizowahi kufanya, hiyo ndiyo iliyotukaribisha zaidi. Kilichokuwa kimetuharibia miaka yote ni ile aibu ambayo mama aliibeba peke yake, na haikuwa yake. Aibu ni ya aliyeuza na aliyenunua, si ya mtoto aliyeteremshwa jahazini.

Kosa la kutojua si letu pekee. Mji wa Charleston wenyewe uliomba radhi rasmi kwa kushiriki utumwa mwaka wa 2018, miaka zaidi ya 150 baada ya utumwa kuisha huko. Kwetu ulikomeshwa kisheria mwaka wa 1907, na bado ni jambo la kunong'onezana jikoni. Wazee wanaolijua wanazeeka, na wengi hawakuandika chochote.

Kwa hivyo Disemba hii, familia ikipanda SGR au ikijaza Probox kwenda Pwani, nenda ujienjoi. Ogelea, kula viazi karai, piga picha zako. Lakini panga pia nusu siku. Peleka wazazi Fort Jesus, Shimoni au Kengeleni, umlipe mwelekezi wa pale anayejua historia yake. Njiani punguza mziki kidogo, muulize mzazi nyanya yake alikuwa nani na alitoka wapi. Akikubali, mrekodi kwa simu. Akikataa, usimlazimishe, utauliza tena siku nyingine.

Mimi na mama tumeshakubaliana. Jumapili moja mwezi ujao tunaenda Kengeleni pamoja. Safari hii sitashuka kwa sababu utingo amenipigia kelele.