Mtu Mmoja, Magitaa Manane

Ukisikia magitaa manane yanapigwa pamoja, utadhani wapigaji ni wanane. Sivyo kila mara. Mwaka 1948 huko Marekani ilitoka santuri iitwayo "Lover". Haikuwa na mwimbaji. Ilikuwa na sauti nane za gitaa, na zote zilipigwa na mtu mmoja. Jina lake Les Paul.

Je, aliwezaje?

Les Paul alizaliwa mwaka 1915 katika mji wa Waukesha, jimbo la Wisconsin. Alipokuwa akiishi Hollywood, aligeuza banda la gari nyumbani kwake kuwa chumba cha kurekodia. Mashine ya kuchonga santuri aliiunda mwenyewe. Alitumia flaiwili ya gari la Cadillac. Flaiwili ni gurudumu zito la injini. Kwa sababu ya uzito wake, huzunguka bila kutetereka.

Kazi ilikwenda hivi. Alipiga gitaa la kwanza, akalinasa katika santuri. Kisha alichezesha santuri hiyo, naye akapiga gitaa la pili papo hapo. Sauti zote mbili ziliingia katika santuri nyingine. Aliendelea hivyo mpaka zikafika nane. Akikosea, hakuweza kufuta. Ilimbidi arudie. Bandu bandu huisha gogo.

Januari 1948 alipata ajali ya gari. Kiwiko cha mkono wa kulia kilivunjika vibaya, kisiweze kukunjwa wala kunyooshwa tena. Aliwaomba madaktari waufunge mkono ukiwa umekunjwa, kama mtu aliyeshika gitaa. Walifanya hivyo. Alipopona, alirudi kazini. Mwaka 1950 ilitoka albamu yake "The New Sound". Kwa mkono huo huo aliendelea kupiga gitaa hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 94.

Ndugu msomaji, siku hizi hata simu ya mkononi hunasa sauti. Kama kijijini kwako yuko kijana anayejua gitaa au zeze, msimwambie angoje studio ya mjini. Mtafutieni chumba kilicho kimya. Anase, asikilize, arekebishe, arudie.

Maswali ya kujadili darasani:
1. Kwa nini Les Paul alitumia gurudumu zito?
2. Ni wapigaji gani wa kijiji chenu ambao sauti zao hazijanaswa bado?