Kuwafukuza wanaolala steji hakutamlinda abiria wa Mackinnon Road

Kila abiria anapoibiwa usiku kwenye steji, mjadala wetu huishia pale pale: waondolewe hawa wanaolala nje. Hofu hiyo naielewa. Mama anayeshuka basi la Nairobi saa nane za usiku, mtoto mgongoni na mzigo mkononi, hahitaji mahubiri kuhusu umaskini. Anataka kufika kwake salama. Lakini jawabu tunalolikimbilia halimsaidii mama huyo, na Mackinnon Road ingepaswa kuwa ya kwanza kulikataa.

Abiria wa hapa ni wa barabara. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba watu mwaka 2017, husimama Mariakani na Miasenyi. Hapa inapita tu. Kwa hivyo tegemeo ni matatu na mabasi, na mabasi mengi ya Nairobi husafiri usiku. Pale yanaposimama ndipo penye mwangaza, chakula na watu. Ndipo pia anapojisogeza asiye na pa kulala: utingo aliyeachwa na lori lake, kijana aliyedandia trela kutoka Mombasa, mtoto aliyekimbia kipigo nyumbani. Barabara ile ile iliyomleta abiria ndiyo iliyowaleta na hao.

Hesabu ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini. Nairobi iliongoza kwa 15,337, ikafuatwa na Mombasa yenye 7,529. Miji mikubwa ikitaka kupendeza machoni pa wageni, hufanya msako: funika kombe mwanaharamu apite. Tulishuhudia mwisho wa tabia hiyo Februari 2019, watu wa mitaani wa Nakuru walipobebwa usiku wakatupwa karibu na msitu wa Chemasusu, kaunti ya Baringo, hadi Seneti ikaingilia kati. Aliyetupwa hapotei. Anakuwa shida ya jirani, na miji midogo ya kando ya barabara kuu ndiyo majirani wenyewe.

Mackinnon Road inalijua hilo kuliko wengi. Aprili 1954, wakoloni walipofanya msako mkubwa wa Nairobi uliojulikana kama Anvil, maelfu ya waliokamatwa waliletwa katika kambi za Manyani na Mackinnon Road. Sababu za wakati ule zilikuwa nyingine, lakini wazo ni lile lile: jiji lisiowataka, walipeleke nyikani.

Sheria nayo imeshasonga mbele. Sheria ya uzururaji ilifutwa mwaka 1997. Sheria ya Watoto ya 2022 inamtambua mtoto asiye na makao kuwa anayehitaji matunzo na ulinzi, si mhalifu. Mwizi na akamatwe kwa wizi wake, awe analala barazani au ana nyumba yake. Tena tusisahau kwamba yule anayempa abiria mwenzake biskuti yenye dawa ndani ya basi amelipa nauli na kuvaa vizuri. Msako wa steji haumgusi.

Swali ni nani awajibike. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti taa za mitaani na uchukuzi wa umma wa barabara. Barabara kuu yenyewe iko chini ya KeNHA. Maafisa wa watoto ni wa serikali ya kitaifa. Kila mmoja ana kipande chake, na anayelala steji huangukia katikati. Kwale na Taita Taveta zimevutana miaka mingi kuhusu mpaka wa mji huu na ushuru unaokusanywa hapa. Sijasikia kaunti yoyote ikigombania jukumu la kumtunza anayelala kando ya barabara hiyo hiyo. Anayedai ushuru wa mji adai na mzigo wake.

Kinachohitajika hakitishi: mahali pa kusubiria penye paa, taa zinazowaka hadi alfajiri, choo, na askari wa zamu usiku. Makondakta waagizwe kuwashusha abiria hapo, si gizani kando ya lami. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto, isiyo na malipo, ibandikwe ukutani, na afisa wa watoto aitike inapopigwa. Penye mwanga na mlinzi, mama yule atasubiri bila hofu, na mtoto asiye na kwao ataonekana na mtu anayeweza kumsaidia kabla hajaonwa na wanaomtafuta kwa ubaya.

Bajeti za kaunti hupitishwa kufikia mwisho wa Juni, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Twendeni vikaoni tukamuulize mwakilishi wa wadi: taa za steji ziko ukurasa gani?