Uteuzi wa Kitabu cha Marejeleo cha Lugha ya Programu

Aghalabu mwanafunzi wa Kitale au Bungoma anayeazimia kujifunza Python kwa kitabu cha mitumba huteua kwa kupima unene na bei. Hapo pana hatari. Toleo la 3 la lugha hiyo lilitolewa mwaka wa 2008, na toleo la 2 likakoma kuhudumiwa mwaka wa 2020. Kitabu kikuukuu hakimwambii msomaji hayo. Amri ya print isiyo na mabano, iliyokuwa sahihi hapo awali, sasa hukataliwa papo hapo. Hilo ni afadhali, kwani kosa huonekana. Balaa ni kugawanya 7 kwa 2: zamani tarakilishi ilijibu 3, leo hujibu 3.5, wala hailalamiki. Maskini msomaji atadhani kwamba ni yeye asiyejua hesabu.

Kwa hivyo, mwaka wa kuchapishwa na utazamwe kabla ya bei. Isitoshe, marejeleo matupu hayafundishi. Wanafunzi wa Kiswahili wanalielewa hili vyema: nani aliyejifunza ngeli kwa kuikariri Kamusi ya Kiswahili Sanifu? Kernighan na Ritchie, katika kitabu chao cha mwaka wa 1978 kuhusu lugha ya C, walitanguliza masomo na mazoezi, marejeleo wakayafanya kiambatisho. Maadamu marejeleo rasmi ya Python hupatikana bure mtandaoni, mwenye shilingi haba na ayapakue akiwa maktabani, fedha zake azihifadhi kwa kitabu chenye mazoezi.