Nyundo Yako Haijakufa, Ni Mpini Tu Umevunjika

Wasee, leo niko na hasira, na naomba mnisikize kabla mnitumie emoji za kucheka.

Mwaka jana Aprili nilikuwa napigilia misumari kwa banda la kuku pale kwetu Githurai. Nyundo mpya, mpini mwekundu, inang'aa. Pigo la tatu, kichwa kikachomoka, kikapita karibu na sikio la brathe yangu mdogo, kikapasua ndoo. Yeye akacheka. Mimi nilikaa chini, mikono inatetemeka.

Dukani wakaniambia, "Loweka kwa maji, itashika." Sote tumefanya hivyo, si ndio? Manze huo ni ujinga tunarithishana. Mbao ikinyonya maji inavimba, inabanwa na chuma mpaka nyuzi zinapondeka. Ikikauka inakuwa nyembamba kuliko mwanzo. Kesho inalegea zaidi.

Nikakwangua ile rangi. Chini yake nyuzi za mbao zimekata mpini kimshazari, upande hadi upande. Mpini kama huo ungevunjika tu, hata kichwa kingeshika. Rangi haikuwa urembo, ilikuwa ya kuficha.

Guka akanipeleka kwa jirani aliyekuwa amepogoa mpera. Akachagua tawi lililonyooka, akalipasua kwa shoka, hakutumia msumeno. Ukipasua, mti wenyewe unakuonyesha nyuzi zinakoenda. Tukapaka nta ya mshumaa kwenye ncha mbili ili mti usikauke haraka ukapasuka, tukauweka kivulini. Nikauliza, "Guka, tunachonga kesho?" Akanicheka. Tulingoja mpaka Novemba. Ndio sasa panga, tupa, kipande cha chupa cha kulainisha, kabari juu, mafuta ya kupaka. Rangi hakuna.

Najua mtasema mpini wa duka ni bei ya chipo na soseji, mbona usumbuke? Haya, muulize fundi wa mjengo. Mpini ukivunjika saa nne asubuhi, hiyo chipo si yake tena. Anayelipa si aliyeuza, ni yeye na mwenye kusimama karibu naye. Na hapa Kamukunji kuna watu wanageuza mabati kuwa masanduku na majiko kwa mikono, lakini sisi bado tunatamka "jua kali" kama tusi. Halafu tunaamini kitu kwa sababu kimepakwa rangi nyekundu!

Na tafadhali, sisemi uingie Karura na panga. Wangari Maathai alishambuliwa pale Januari 1999 akitetea huo msitu, tusimtukane. Nasema yale matawi mnapogoa kwa ploti mkayachoma na takataka, moshi ukatuingia sisi majirani. Mpera, hasa. Ule mgumu mnaulaani mkiukata, ndio huo.

Kichwa cha nyundo ni kile kile. Brathe ndiye anakitumia sasa, na bado anacheka akikumbuka ile ndoo.